Bunduki ya Marisau Inayojipakia Yenyewe katika Uwindaji wa Ndege wa Majini: Maelezo kwa Wahusika

Maelezo haya yanawahusu wasomaji wa Kiswahili walioko Marekani, pamoja na wale wanaotarajia kwenda kuishi huko, ambao huenda wakaalikwa na wenyeji wao kushiriki katika uwindaji wa bata mwitu na bata bukini unaofanyika katika miezi ya baridi. Uwindaji huo ni halali na una taratibu zake. Silaha ambayo mgeni huonyeshwa mara nyingi ni bunduki ya marisau inayojipakia yenyewe, na inafaa mtu aielewe kabla ya kuishika. Ifahamike kwamba maelezo haya hayampi mtu yeyote ruhusa ya kumiliki silaha mahali pengine popote. Kila nchi ina sheria zake.

Bunduki ya marisau hutofautiana na bunduki ya kawaida kwa kuwa mlio mmoja hutoa punje nyingi ndogo, ziitwazo marisau, ambazo hutawanyika kadiri ziendavyo mbali. Ndege arukaye ni shabaha ndogo yenye mwendo wa kasi, na hapana awezaye kutegemea kumpata kwa punje moja. Baadhi ya bunduki hizo zina mitutu miwili, nazo hupakiwa risasi mbili tu kwa mkono. Nyingine zina kishikio chini ya mtutu, ambacho mwindaji hukivuta nyuma na kukisukuma mbele kila anapotaka kupiga tena. Aina inayozungumzwa hapa haihitaji kazi hiyo ya mkono. Inapolia, nguvu ya mlio wenyewe hulitupa nje ganda lililokwisha kutumika, huiinua risasi nyingine kutoka katika bomba lililo chini ya mtutu, huiingiza mahali pake na kufunga. Hata hivyo si rashasha: kila mlio wahitaji kidole kivute kifyatulio upya.

Wengi hudhani kwamba sifa ya bunduki hii ni wingi wa milio. Dhana hiyo si sahihi, na sheria yenyewe imeiondoa, kama itakavyoelezwa. Sifa yake ya kweli ni kwamba hupunguza teke begani, na humwacha mwindaji atulize mikono na macho yake kwa ndege mmoja badala ya kushughulika na mitambo. Hatari yake nayo inatokana na jambo hilo hilo. Bunduki ya mitutu miwili, ikishalia mara mbili, ni kipande cha chuma na mbao mpaka itiwe risasi nyingine. Hii, kila baada ya mlio, huwa imekwisha kujipakia na iko tayari kuua, hata kama aliyeishika amesahau, amefurahi, au ameteleza matopeni akimkimbilia ndege aliyeanguka. Mengi yatakayoelezwa hapa chini yanafuata kutokana na ukweli huo mmoja.

IDADI YA RISASI NA MASHARTI MENGINE

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 ukame mkubwa ulikausha mabwawa ya nyanda za kati za Marekani na Kanada, ambako bata wengi huzaliana, na idadi yao ikapungua sana. Kabla ya hapo walikuwa wamekwisha kuuawa kwa wingi na wawindaji wa biashara waliouza nyama mijini. Serikali ya Marekani ilichukua hatua kadhaa. Mwaka 1918 ilikuwa imetungwa sheria ya ndege wahamao, iliyotokana na mkataba wa mwaka 1916 na Uingereza kwa niaba ya Kanada. Mwaka 1934 iliamriwa kwamba mwindaji wa ndege wa majini anunue stempu maalumu ya Serikali kila mwaka. Na mwaka 1935 ilipigwa marufuku kuwinda ndege hao kwa kuwavuta kwa nafaka au kwa bata hai waliofungwa, na bunduki zinazoweza kubeba risasi nyingi zikawekewa kikomo cha risasi 3.

Kikomo hicho kingali kinatumika. Bunduki nyingi zinazojipakia zenyewe zimeundwa kubeba risasi 4 au 5, kwa hiyo ndani ya bomba lake hutiwa kizibo cha kipande kimoja, ambacho hakiwezi kutolewa bila kuifungua bunduki, ili jumla ya risasi, pamoja na ile iliyomo mtutuni, isizidi 3. Mtu anayeazimwa bunduki au anayenunua iliyokwisha kutumika hana budi kuhakikisha mwenyewe kwamba kizibo kimo; askari wa wanyamapori hujaribu kuingiza risasi ya nne, na kisingizio cha kutojua hakisikilizwi. Upo msamaha katika misimu maalumu ya kuwapunguza bata bukini weupe ambao wamezidi kuongezeka, lakini mgeni asiuchukulie kuwa kanuni.

Stempu iliyotajwa iliuzwa kwa dola 1 ilipoanza, na tangu mwaka 2015 bei yake ni dola 25. Humhusu kila mwindaji mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, na karibu fedha zote zinazopatikana hutumika kununua na kuhifadhi maeneo oevu. Pamoja na stempu huhitajika leseni ya jimbo na kujiandikisha katika hesabu ya wawindaji wa ndege wahamao. Majimbo kwa kawaida humtaka mwindaji mpya ahudhurie mafunzo ya usalama kwanza, na mafunzo hayo yafaa yahudhuriwe hata pale yasipolazimishwa. Idadi ya ndege wanaoruhusiwa kwa siku, na aina zake, hutangazwa upya kila mwaka.

Jambo moja linawahusu wageni zaidi kuliko wenyeji. Sheria ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia nchini kwa viza ya muda, kama vile ya masomo au ya matembezi, kuwa na silaha ya moto au risasi, isipokuwa awe katika mojawapo ya misamaha iliyotajwa, na mmojawapo ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Kuishika bunduki ya rafiki kwa dakika chache kwaweza kuhesabiwa kuwa ni kuwa nayo. Mwanafunzi anayealikwa na mwenzake wikiendi moja yampasa aipate leseni kabla ya kuigusa bunduki, kwa sababu kosa la aina hiyo haliishii kwenye faini. Laweza kumfukuzisha nchini.

MADINI YALIYOPIGWA MARUFUKU

Katika Kiswahili neno risasi hutaja kitu kinachotiwa bundukini na pia madini mazito ya rangi ya kijivu ambayo kitu hicho kilitengenezwa nayo kwa karne nyingi. Msomaji atasikia basi jambo la ajabu: kwamba katika uwindaji wa bata risasi ya risasi ni marufuku.

Sababu yake imo katika firigisi ya ndege. Bata hana meno, na humeza vijiwe na mchanga ili firigisi isage chakula. Marisau yaliyokosa shabaha huzama katika matope ya bwawa, na bata anayechokora chini huyameza akidhani ni vijiwe au mbegu. Firigisi huyasaga, asidi ya tumbo huyayeyusha, na sumu huingia katika damu. Ndege hudhoofika, mbawa zake huinama, hushindwa kuruka, na hufa baada ya siku au wiki kadhaa, mara nyingi mafichoni ambako hapana amwonaye. Punje moja au mbili zaweza kutosha. Mtaalamu Frank Bellrose alikadiria mwaka 1959 kwamba kati ya asilimia 2 na 3 ya ndege wa majini wa Amerika ya Kaskazini walikuwa wakifa kila mwaka kwa njia hiyo. Tai waliokula bata wagonjwa nao walikufa, akiwemo yule mwenye kichwa cheupe ambaye ni nembo ya taifa hilo, na vifo hivyo ndivyo vilivyoisukuma Serikali. Marufuku yalianza kutekelezwa kwa hatua katika miaka ya 1980, na kuanzia msimu wa mwaka 1991 yakaenea nchi nzima kwa uwindaji wa ndege wa majini.

Wawindaji wengi waliyapinga wakati huo, wakisema marisau ya chuma yatajeruhi ndege bila kuwaua. Upinzani huo haukuwa wa upuuzi, kwani risasi za chuma za miaka ya kwanza zilikuwa dhaifu. Hata hivyo utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikadiria kwamba vifo vya sumu hiyo miongoni mwa bata wenye vichwa vya kijani katika njia ya uhamaji ya Mto Mississippi vilikuwa vimepungua kwa asilimia 64, na kwamba katika mwaka 1997 pekee bata wapatao milioni 1.4 waliokolewa nchini. Kanada ilikamilisha marufuku yake mwaka 1999, na Umoja wa Ulaya umeyatekeleza katika maeneo oevu tangu Februari 2023. Suala hili halikomei ng'ambo. Mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wahamao kati ya Afrika, Ulaya na Asia, uliofikiwa mwaka 1995 na ambao Tanzania, Kenya na Uganda ni wanachama, unazitaka nchi zijitahidi kuondoa marisau ya madini ya risasi katika maeneo oevu. Bata wanaozaliana Ulaya na Asia huja kupitisha majira ya baridi katika maziwa ya Afrika Mashariki, na hubeba tumboni kile walichokimeza njiani.

Chuma ni chepesi kuliko madini ya risasi: sentimita moja ya ujazo ya chuma ina uzito wa gramu 7.8 hivi, ilhali ya madini ya risasi ina gramu 11.3. Punje nyepesi hupoteza kasi upesi. Kwa sababu hiyo mwindaji huchagua punje za chuma zilizo kubwa kwa hatua mbili kuliko zile zilizotumika zamani. Namba za marisau huenda kinyume, yaani namba ikiwa ndogo punje ni kubwa: namba 4 ina kipenyo cha milimita 3.3 na yafaa kwa bata wadogo walio karibu. Namba 2, ya milimita 3.8, kwa bata wakubwa. Na ile iitwayo BB, ya milimita 4.6, kwa bata bukini. Kuna pia marisau ya bizmathi na ya tangsteni, ambayo ni mazito zaidi ya chuma lakini bei yake ni kubwa mno.

Chuma ni kigumu pia. Mtutu wa bunduki ya marisau hubanwa kidogo karibu na mdomo ili punje zisitawanyike upesi. Madini ya risasi ni laini na hupenya mbano huo kwa kujifinya; chuma hakijifinyi. Bunduki ya kisasa huwa na midomo ya kubadilisha, na kwa chuma hutumika ule wenye mbano wa wastani au uliolegea, kamwe si ule uliobana kabisa isipokuwa mtengenezaji ameandika kwamba waruhusiwa. Bunduki ya kale huenda isifae kwa chuma hata kidogo. Mfano mashuhuri ni bunduki ya Auto-5, iliyobuniwa na John Browning wa Utah na kupewa hataza mwaka 1900, ambayo ndiyo iliyofungua njia ya aina hii yote na ikaendelea kutengenezwa hadi mwaka 1998. Ni bunduki njema, na nyumba nyingi za Marekani zimeirithi kwa babu. Lakini kampuni yenyewe inaonya kwamba mitutu yake ya zamani iliyotengenezwa Ubelgiji isitumiwe kwa marisau ya chuma.

KUCHAGUA

Bunduki hizi hugawanyika kwa namna zinavyojiendesha. Zile za gesi, ambazo Remington 1100 ya mwaka 1963 ilizieneza sana, huchukua sehemu ya gesi ya baruti kupitia vitundu vidogo vya mtutu na kuitumia kusukuma mitambo nyuma. Kazi hiyo huchukua muda mdogo, na teke hufika begani kama msukumo badala ya pigo. Upungufu wake ni masizi: gesi huacha uchafu, na bunduki isiyosafishwa hukwama. Zile za aina ya pili, zilizoenezwa na kampuni ya Benelli ya Italia, hutumia springi iliyo ndani ya bolti, inayobanwa pale bunduki nzima inaporudi nyuma kwa ghafla. Hizi hubaki safi na huvumilia matope na baridi, ila teke lake ni kali zaidi, na risasi hafifu huenda isiwe na nguvu ya kuziendesha.

Mtu anayeanza, hasa mwenye mwili mwepesi, atafanya vyema kuchukua ya gesi. Teke kali humfundisha mwindaji kufumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio, na tabia hiyo ikishaingia ni shida kuiondoa.

Kipimo kinachotumika zaidi ni namba 12, ambacho tundu lake lina kipenyo cha milimita 18.5 hivi. Namba 20 ni ndogo na nyepesi, nayo yatosha kwa bata walio karibu. Zaidi ya kipimo yapo mambo ya urefu wa chumba cha risasi, ambao huandikwa ubavuni mwa mtutu: inchi 2¾, 3 au 3½. Bunduki ya kwanza inayojipakia yenyewe iliyopokea risasi ya inchi 3½ ya namba 12 ilitokea mwaka 1991, wakati uleule wa marufuku, kwa kuwa ganda refu lingeweza kubeba marisau ya chuma mengi zaidi. Siku hizi risasi za chuma zimeboreshwa, na ya inchi 3 yatosha kwa karibu kazi zote. Ile ndefu huongeza gharama na maumivu kuliko inavyoongeza ndege.

Urefu wa ganda una mtego wake. Risasi hupimwa baada ya kulia, mdomo wake ukiwa umefunguka. Ikiwa bado nzima huwa fupi, na hivyo risasi ya inchi 3 huweza kuingia vizuri katika chumba cha inchi 2¾ bila kuonyesha dalili yoyote, kisha ikilia mdomo wake hukosa nafasi ya kufunguka na shinikizo hupanda kupita kiasi. Maandishi ya mtutuni na ya gandani ni lazima yasomwe na kulinganishwa.

Inafaa pia kuijaribu bunduki dukani mtu akiwa amevaa koti nene atakalovaa bwawani. Kitako kinachokaa sawa juu ya shati hukwama kwapani juu ya sufu. Bunduki nyingi za leo huja na vipande vya kurekebisha kitako, na bei yake ni sehemu ndogo ya bei ya bunduki mpya.

MATUMIZI

Bata arukapo kwa kilomita 70 kwa saa husogea karibu mita 2 katika muda ambao marisau huchukua kufika umbali wa mita 35. Anayemlenga ndege mwenyewe hupiga mahali alipokuwa. Mwindaji huanza nyuma ya ndege, huupeleka mtutu kwa mwendo wake, humpita, na hufyatua bila kusimamisha mkono. Ndege aliye mbali zaidi ya mita 35 au 40 aachwe aende. Bunduki yenye risasi 3 humshawishi mtu kuzitumia zote, na mlio wa tatu, unaopigwa ndege akiwa tayari anakimbia, ndio unaojeruhi bila kuua. Sheria humtaka mwindaji afanye juhudi ya kweli kumtafuta kila ndege aliyemwangusha. Mwenye mbwa aliyefunzwa hupoteza ndege wachache sana.

Baada ya kila mlio kizuizi cha usalama hurudishwa kabla ya hatua moja kupigwa. Wawindaji wawili walio katika kibanda kimoja cha maficho hugawana anga, na hapana anayevuka mbele ya mwenzake hata kama ndege anampitia. Katika mashua bunduki husafirishwa ikiwa tupu na ndani ya mfuko wake, na hairuhusiwi kupiga kutoka katika mashua inayokwenda kwa mashine mpaka mashine izimwe na mwendo wake ukome.

Bunduki ikigusa matope au theluji, hutolewa risasi zote na mtutu hutazamwa kabla ya kutumiwa tena, kwani donge dogo laweza kuupasua. Mlio ukisikika hafifu kuliko kawaida, kupiga kusimamishwe palepale, kwa maana huenda kuna kitu kimebaki mtutuni. Kifyatulio kikivutwa na kusikika kidoko tu, mtutu uelekezwe pasipo na mtu kwa angalau nusu dakika, kwa kuwa risasi huweza kuchelewa kulia. Katika bunduki za springi sababu huwa mara nyingine ni kwamba bolti ilifungwa polepole, kwa kuogopa kelele, isifike mwisho; hizo huachwa zijifunge kwa nguvu yake yote.

Risasi za namba 20 na za namba 12 zisiwekwe katika mfuko mmoja. Ile ndogo ikitiwa katika bunduki ya namba 12 huteleza hadi ndani ya mtutu na kukwama, mwindaji huona chumba kitupu, hutia ya namba 12 nyuma yake, na bunduki hupasuka mikononi mwake. Watengenezaji wameyapa maganda ya namba 20 rangi ya manjano kwa ajili hiyo. Koti lililoazimwa lipekuliwe mifuko kabla ya kuvaliwa.

Jioni bunduki hufunguliwa nje ya nyumba. Kwa kuwa inajipakia yenyewe, kutoa risasi ionekanayo hakutoshi: bomba humwagwa kwanza, kisha bolti huvutwa mara kadhaa, kisha chumba hutazamwa kwa jicho na kuguswa kwa kidole. Maji ya chumvi, kama ya Ghuba ya Chesapeake, hula chuma usiku mmoja, hivyo hufutwa siku hiyohiyo na kupakwa mafuta mepesi. Mafuta mazito huganda katika baridi na kuzuia mitambo. Ikishakauka bunduki hufungiwa kabatini kwa ufunguo, na risasi hufungiwa mahali pengine, mbali na watoto.